Mguu wa Nyumba ya Beringi Ukikatika, Usikimbilie Kuchomelea

Msomaji mmoja wa Songea amenitumia picha ya nyumba ya beringi ya mashine yake ya kusaga, yaani lile kasha la chuma linaloshika beringi inayobeba shafti, ule mhimili unaozunguka. Mguu umekatika, umechomelewa, ukakatika tena sentimita moja tu pembeni ya weldingi. Anauliza anunue rodi gani ya kuchomelea. Kaka, shida yako haiko kwenye rodi.

Yalinikuta hayo hayo katikati ya msimu, magunia ya mahindi yamejaa hadi barazani. Fundi niliyemwita alitazama mara moja akasema, "Mzee, hapa huna mashine, una chuma chakavu," kisha akanitajia bei ya mashine ya shemeji yake. Maneno yale yananichoma mpaka leo. Nilifungua mwenyewe, nikakitoa kipande juani. Upande mmoja palipokatikia palikuwa na chembechembe za kijivu zinazong'aa. Upande wa pili palikuwa peusi, pana kutu, na unga umegandia ndani. Kumbe ufa ulikuwepo siku nyingi, siku ile ulimalizia tu.

Nyumba yangu ilikuwa ya kasti ya kijivu, chuma cha kumimina. Kasti hiyo ina kaboni kati ya asilimia 2 na 4, na sehemu kubwa yake imekaa ndani ya chuma kama vipande vyembamba vya grafaiti. Ikandamize, itavumilia. Ipinde, inakatika bila hata kukuonya. Na mguu wangu ulikuwa unapindwa: fremu haikuwa sawa, chini ya mguu pana uwazi, na aliyefunga alikaza bolti kwa nguvu mpaka mguu ukashuka. Ongeza nyundo za kusagia zilizolika upande mmoja, mtikisiko usiku na mchana.

Ukichomelea kwa rodi ya kawaida, pembeni ya weldingi panapoa haraka, panakuwa pagumu na pepesi kuvunjika, huku weldingi yenyewe ikisinyaa na kuvuta. Ndiyo maana ya kwako ilikatika pale pale pembeni. Ukilazimika, tumia rodi ya nikeli, pasha moto kipande chote, chomelea vipande vifupi vifupi, kisha kifukie kwenye majivu kipoe taratibu. Lakini kinachobeba shafti, badilisha.

Soma kwanza namba iliyo kwenye nyumba ya beringi. Ikiwa imeandikwa UCP 208, chukua 08 uzidishe kwa 5: shafti ni ya milimita 40, nenda dukani. Yangu ilikuwa ya kizamani, hakuna duka lililoijua. Nikaenda kwa wasubu vyuma, wanaoyeyusha chuma na kukimimina, na modeli ya mbao ya kutengenezea umbo la kumiminia. Wengi hupeleka kipande kilichovunjika kitumike kama modeli, na hapo ndipo hela inapopotea, kwa sababu kasti ikipoa husinyaa karibu asilimia 1 na unachopata ni kidogo kuliko cha zamani. Modeli yangu niliikuza kwa kiasi hicho, nikaacha milimita 3 za kuchonga kwenye tundu, na kona ya mguu nikaifanya ya mviringo, maana kona kali ndiko ufa unakoanzia. Inasaga hadi leo, na sijanunua mashine ya shemeji wa mtu.

Ndugu zangu wenye vinu, tuache kuwalipa watu watutishe. Kabla ya kukaza bolti, pitisha karatasi chini ya kila mguu. Ikipita, weka bati jembamba hapo mpaka isipite, ndipo ukaze, kidogo huku, kidogo kule.