Jibu: Tiba ya kunyamazisha jeni kwa pumu ya mzio, usimwachishe mtoto inhela

Dada wa Tabata uliyeuliza kama usubiri "dawa ya kuzima jeni" ili mwanao aachane na inhela ya steroidi: usisubiri. Hakuna dawa ya aina hiyo iliyoidhinishwa kwa pumu, si Muhimbili wala ng'ambo.

Wazo lenyewe lina mashiko. Jeni haiguswi, kinacholengwa ni RNA, nakala inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Kipande kifupi cha RNA, herufi 21 hivi, kikioana na nakala hiyo, seli yenyewe huikata. Wanasayansi Fire na Mello waligundua msingi wa hili kwa minyoo mwaka 1998. Patisiran, dawa ya kwanza ya namna hii, ilipitishwa Marekani mwaka 2018.

Ila patisiran hufanya kazi kwenye ini, na ini ni rahisi: hudaka lenyewe vifurushi vya mafuta vinavyobeba dawa. Kwenye mapafu ndiko kazi ilipo. Matone ya dawa ya kuvuta yakizidi maikromita 5 (elfu moja za milimita) huishia kooni. Yakipenya, yanakutana na ute, vimeng'enya vya kukata RNA, na seli walinzi zinazomeza kila kigeni. Hata yakiingia kwenye seli inayotakiwa, dawa nyingi hunasa kwenye vifuko vya ndani na kusagwa humo. Tena RNA ngeni huweza kuamsha kinga, jambo usilolitaka kabisa kwa mwenye pumu.

Jaribio lililotia moyo zaidi, kwa maoni yangu, ni la Ujerumani la mwaka 2015. Wanaume 40 wenye pumu nyepesi walivuta SB010, DNA inayokata RNA ya GATA3 (swichi ya seli zinazochochea mzio), au dawa bandia. Dozi miligramu 10 kwa siku, siku 28. Mbano wa kifua unaokuja saa kadhaa baada ya kuvuta kizio (kitu kinachochochea mzio) ulipungua kwa asilimia 34. Matokeo mazuri, lakini ni watu wachache, na hakuna mtoto kati yao.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui: steroidi ya kuvuta nayo huizuia GATA3 isiingie kwenye kiini cha seli. Swichi ile ile, kwa dawa unayoipata Kariakoo.

Kwa hiyo hakikisha inafika. Huna speisa, kile chombo cha kuunganisha na inhela ili dawa ifike mapafuni? Chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500 inafaa. Toboa kitakoni kwa waya wa moto, tundu libane mdomo wa inhela bila kuvuja. Ioshe kwa maji ya sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa inapata umeme tuli, dawa inaganda kwenye kuta za chupa. Tikisa inhela, puliza mara moja, mtoto avute kupitia mdomo wa chupa pumzi 5 au 6 za kawaida, ndipo upulize tena. Akimaliza asukutue na ateme, asije akapata fangasi mdomoni. Salbutamol (inhela ya kutuliza haraka) akiihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki, mrudishe kliniki wakaangalie upya dozi ya steroidi.