Akikwambia "niwekee kitufe cha kufuta risiti"

Ukitengeneza mifumo ya kompyuta ya hoteli hapa Unguja, iko siku utaombwa hili. Wala halitakuja kwa sura ya wizi. Mwenye hoteli atakusifu kwanza, atakuagizia juisi ya ukwaju, kisha ndiyo aseme: "Mwanangu, niwekee na kitufe cha kufuta risiti." Maana yake wageni waliolipa taslimu wasionekane watu wa Mamlaka ya Mapato wakija.

Mimi nimeshaombwa, Nungwi na Mji Mkongwe pia. Usianze na mawaidha. Mtu mzima hakukuita umsomee khutba. Muulize la biashara: "Ami, usiku wewe umelala, kitufe hicho atakibonyeza nani?" Mfumo unaokubali kufuta haumjui mwenye mali. Kijana wa mapokezi naye atafuta chumba kilicholipwa dola, atie mfukoni, na asubuhi hesabu zitakuwa sawasawa kabisa. Hapo wengi hunyamaza.

Sasa mpe kinachofaa. Malipo yakishaingia hayafutiki. Likitokea kosa, linasahihishwa kwa ingizo jipya lenye sababu, saa na jina la aliyelifanya. Na msikilize vizuri, maana mmoja wao kumbe alichotaka hasa ni wafanyakazi wasione jumla ya mauzo ya siku. Hiyo ni kazi ya kupanga ruhusa za watumiaji tu, na ni haki yake.

Akishikilia lake, kataa kwa maandishi. Meseji ya WhatsApp inatosha. Usijiliwaze kwamba wewe ni fundi tu na dhambi ni ya aliyeagiza. Mwaka 2015 ilibainika kuwa programu iliyotiwa kwenye magari ya dizeli ya Volkswagen, kiasi cha milioni 11 duniani, ilikuwa inatambua gari linapopimwa moshi, ikabana uchafu kwa muda ule tu, barabarani ikaachia. Mwaka 2017 mahakama ya Marekani ikamfunga James Liang miezi 40. Alikuwa mhandisi wa Volkswagen, si mkurugenzi. Nawe ukitumia Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, kila mstari umeandikwa jina la aliyeutia, na jina hilo si la mwenye hoteli.

Wapo watakaokuacha wampigie mwengine. Mmoja alinifanyia hivyo, nikamrudishia advansi yake yote, na mwezi ule ulikuwa mgumu. Tangu hapo suala la kufuta risiti naliuliza siku ya kwanza, kabla sijashika senti ya mtu.