Kupanga almasi za pete moja: kwa mnaoanza usonara

Vijana wengi wanaoingia kwenye usonara siku hizi wanajua kusoma cheti cha almasi kabla hawajajua kuishika kwa kibano. Si vibaya kujua cheti. Ila cheti kinaandikwa kwa jiwe moja likiwa peke yake, na pete ya mawe matano inavaliwa yote kwa pamoja. Nimefanya kazi hii Dar es Salaam muda wa kutosha kuona mawe yaliyolingana kwenye karatasi yakikataana kidoleni, ndiyo maana nawaandikia.

Anzeni na milimita, karati zije baadaye. Karati ni uzito tu, gramu 0.2, na uzito unajua kujificha. Almasi ya mviringo ya karati 0.25 iliyokatwa vizuri ina upana wa kama milimita 4.1. Pete yangu ya kwanza ya mawe matano nilinunua yote ya 0.25, yote rangi G (daraja la almasi ambayo karibu haina umanjano), nikajua kazi imekwisha. Nilipoyalaza mstari mmoja nikaona: moja lilikuwa na milimita 4.2, limekatwa bapa, jingine 4.0, uzito wote umeshukia tumboni. Milimita 0.2 ukiitaja haitishi mtu. Kwenye mstari, jicho linakimbilia pale pale kama linavyokimbilia jino lililokaa upande. Tena lile bapa lilikuwa tupu katikati kama kipande cha kioo, na lile nene lilikuwa na giza. Tangu siku hiyo kalipa ya kupimia milimita hutoka kwenye droo kabla ya mizani, na kwa mawe ya saizi moja sivuki tofauti ya milimita 0.1.

Vifaa vya kupangia havina gharama. Chukua ukanda wa nta nyeupe wenye urefu wa kidole, safisha mawe kwa spiriti (almasi inapenda mafuta, ukiigusa kwa kidole tu imeshafifia), kisha yakandamize kwenye nta upande wa mbele ukiwa juu, yakikaribiana kama yatakavyokaa kwenye pete. Sasa weka lenzi pembeni. Nyoosha mkono, tazama kama atakavyotazama shangazi wa bibi harusi anapoonyeshwa pete. Hamisha la kwanza liende la nne, rudisha, zungusha kidogo. Jiwe lisilo la familia ile litajitoa lenyewe.

Kwa rangi, geuza mawe kifudifudi kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa kama mfereji, uyatazame kwa ubavuni. Hapo ndipo umanjano unaonekana, maana kwa mbele mng'ao unaufunika. Kaa karibu na dirisha lenye kivuli, asubuhi jua likishakolea. Usifanye kazi hii chini ya taa za kabati la duka. Zimewekwa pale ili kila kitu kimeremete. Na vaa nguo nyeupe au ya kijivu. Shati jekundu linaingia ndani ya jiwe, nawe utamlaumu muuzaji bure.

Kuna jambo moja lililoniumiza sana. Niliwahi kumtengenezea mteja pete ya mawe matano, milimita sawa, rangi sawa, mchana nikaipenda mwenyewe. Akaivaa kwenye sherehe, ukumbi una zile taa za zambarau zinazofanya nguo nyeupe ziwake. Mawe mawili yakawaka buluu, matatu yakabaki kimya. Alinipigia kesho yake akiamini nimemwekea mawe bandia. Yalikuwa almasi halali, ila baadhi ya almasi huitikia mwanga ule na nyingine haziitikii, na mawe madogo namna ile mara nyingi hayaji na cheti cha kukuonya. Nilimbadilishia yale mawili kwa pesa yangu. Leo tochi ya mwanga kama ule, ya kukagulia noti, iko mezani kwangu, na kila kundi la mawe linapita chini yake gizani. Yawake yote au yasiwake hata moja.

Mkipata mawe ambayo hayalingani kikamilifu, na mtapata, fikirini kwa jozi. La kwanza na la tano lazima wawe ndugu, la pili na la nne vilevile. La katikati linaweza kuwa na tabia yake kidogo, maana halina mwenzake wa kulinganishwa naye. Pete ya kupungua kuelekea pembeni, tuseme karati 0.50 katikati, kisha 0.33, kisha 0.20, inasaidia zaidi: jiwe kubwa huonyesha rangi kuliko dogo, kwa hiyo ya pembeni yanaweza kushuka daraja moja la rangi bila mtu kugundua. Doa dogo la ukingoni lielekezeni panapokaa kucha ya pete, kile kijino kinachoshika jiwe. Doa jeusi la katikati halina pa kufichwa, mrudishieni muuzaji.

Bruchi (pambo la kubana kwenye nguo) yenye almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui, almasi iliyookotwa 1947 na kuchongwa hadi karati 23.6, inaonyesha jambo hili vizuri: jiwe la kati ni la waridi, petali ni almasi nyeupe. La kati halishindani na mtu. Petali ndizo zinazotakiwa kufanana zenyewe kwa zenyewe.

Mkinunua, ombeni mawe kumi ili mchague matano, na ikiwezekana yatoke kifurushi kimoja. Kile kifaa cha kawaida kinachotambua almasi kwa jinsi inavyopitisha joto hakitenganishi almasi ya ardhini na iliyotengenezwa maabara, kwa sababu zote ni almasi. Kama mteja amelipia za ardhini, zipelekwe maabara zikakaguliwe kabla ya kupachikwa.

Kazi ngumu kuliko zote ni mteja anayekuja na jiwe la bibi yake akitaka mengine manne yafanane nalo. Jiwe la zamani lina meza ndogo (ule uso bapa wa juu), taji lililoinuka (sehemu ya juu ya kiuno cha jiwe), na ncha ya chini iliyokatwa inayoonekana kama kitundu ukitazama kwa mbele. Ukiliweka kati ya mawe ya kisasa, la zamani linawaka kwa vipande vipana, taratibu, na yale mengine yanametameta kama changarawe. Msimwahidi tarehe. Mwambieni mtatafuta mawe yaliyokatwa kizamani, na kwamba inaweza kuchukua miezi. Mimi nina ukanda mmoja wa nta kwenye droo wenye mawe matatu ya namna hiyo, na nafasi ya la nne bado iko wazi.