Methileujenoli: ya asili na ya maabara

Mkuu, umeuliza kama kemikali ya mmea ikitengenezwa maabara ndipo huharibu DNA. Chukua methileujenoli, iliyomo kwenye kungumanga na mrihani: molekuli ni ileile, itoke kwenye jani au kwenye chupa. Kipimo cha Ames, kile cha kutumia bakteria wa Salmonella kuona kama kemikali hubadilisha jeni, kwa kawaida huiona haina kosa. Kumbe ini ndilo huigeuza sumu kwa kuibandika salfeti, na bakteria hawana kimeng'enya cha kazi hiyo. Wakipandikiziwa cha binadamu, mabadiliko ya jeni yanajitokeza.

Mwaka 2018 Marekani iliiondoa ile ya kutengenezwa kwenye vionjo vinavyoruhusiwa, ya asili ikabaki. Hapo ilisema sheria tu, ile inayokataza viongezeo vya chakula vilivyoleta saratani kwa wanyama, wala si kemia. Kungumanga ya pilau sioni sababu ya kuiacha. Panya wa majaribio waliopata saratani walipewa dozi kubwa mno.