Nyinyi mlioanza juzi kupenda filamu za Kihindi, wimbo msiuruke

Nimewavumilia vya kutosha. Kila mwisho wa wiki vijana wanakusanyika sebuleni kwetu na flashi zimejaa, Kihindi kitupu, na mimi nafurahi, maana nyumba yenye watu wanaolilia filamu pamoja ni nyumba yenye heri. Lakini nikisikiliza mnavyotazama na mnavyobishana, naona makosa yaleyale ya zamani yanarudi kana kwamba hakuna aliyewatangulia. Basi nayaandika. Nani steringi, nani adui, nani atakufa baada ya mapumziko, hayo mnayajua na siyagusi.

1. Zijueni Ramayana na Mahabharata kabla ya kukariri majina ya waigizaji.

Hizo ni tenzi mbili kuu za kale za India. Mtazamaji wa kule amezisikia tangu yuko mgongoni kwa mama yake, kwa hiyo mwongozaji hana haja ya kumweleza. Anagusia tu, na ukumbi mzima umeshaelewa. Ndivyo ilivyo tangu mwanzo. Filamu ndefu ya kwanza ya India, Raja Harishchandra ya Dadasaheb Phalke, ilitoka mwaka 1913, nayo ilihusu mfalme wa kale aliyekubali kupoteza ufalme, mke na mtoto kuliko kuvunja ahadi. Waliokata tiketi walikuwa wanaijua hadithi mpaka mwisho. Walikwenda kuiona ikitokea.

Chukueni RRR, ambayo nyote mmeitazama na kuicheza Naatu Naatu mpaka majirani wakagonga mlango. Niliwauliza kwa nini yule jamaa mwishoni anatoka msituni na upinde na mishale wakati maadui wana bunduki. Mkanijibu ni staili. Wadogo zangu, si staili. Jina lake Ram, mchumba wake Sita, na ule upinde ni wa Rama mwenyewe, shujaa wa Ramayana, ambaye mkewe ni Sita. Na Bheem, rafiki yake, anapokutana na Sita, wakiwa mbali na Ram, akamsikia akilitaja jina la mpenzi wake, aliyeisoma Ramayana anamkumbuka Hanuman, nyani mjumbe wa Rama, alipomkuta Sita mateka kule Lanka, kisiwani kwa adui. Hakuna mhusika aliyesimama kuwafafanulia. Mmeachiwa mlione wenyewe.

Kwa kuanzia, vitabu vya C. Rajagopalachari vinatosha: ni vifupi, Kiingereza chake chepesi, kimoja cha Ramayana na kimoja cha Mahabharata.

2. Msiruke nyimbo.

Hapa nitakaa, mnisamehe. Najua mnavyofanya. Wimbo ukianza mmoja anashika rimoti, mwingine anakwenda kuangalia chai, wa tatu anasema, "Peleka mbele, turudi kwenye stori." Vibanda umiza navyo vimewazoesha hivyo: msimuliaji akifika kwenye wimbo anaupitisha kwa maneno yake mwenyewe, kisha mnarudi kwenye ngumi. Enzi zetu za kanda tulifanya vilevile, na rimoti mara nyingi nilikuwa nayo mimi. Tabia hiyo ilitunyima filamu nzima, tena ile tuliyodhani tunaijua kuliko zote.

Naizungumzia Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Unguja na Dar es Salaam ilipendwa kupita kiasi, na walioiona ukumbini waliendelea kuimba tuni yake jikoni bila kujua neno la Kihindi. Kwetu ilikuwa kanda ya sikukuu. Mnaijua: jaji Raghunath ana mke, Leela. Jambazi Jagga, ambaye jaji alimhukumu kwa imani kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, anamteka Leela, kisha akigundua ni mjamzito anamwachia. Watu wanaanza kunong'ona. Mimba ya nani? Jaji anashindwa kuvumilia maneno, anamfukuza mkewe usiku wa mvua, na Leela anajifungulia barabarani. Mtoto ndiye Raj, anakulia kwenye vibanda vya Bombay, na Jagga huyohuyo anamlea kwenye wizi.

Pale kwenye mvua pana wimbo. Wanaume wamekaa wanaimba, Leela anapita ameloa, anayumba. Hakuna anayecheza, hakuna mapenzi, hakuna nguo nzuri, kwa hiyo sisi tulikuwa tunabonyeza, picha inakimbia na mistari yake myeupe, tunatokea kwenye kilio cha mtoto. Miaka na miaka. Na kila mara baada ya filamu ulifuata ubishi uleule. Shangazi alishikilia kwamba jaji ameandikwa vibaya: msomi mzima, aliyempenda mke wake hadi kumwoa akiwa mjane, huku jamii ikinuna, amfukuzeje kwa umbea wa siku chache? Mimi nilimuunga mkono kwa sauti kubwa. Nilisema filamu nzuri ila kiini chake kibovu. Niliwaambia hivyo watu wengi waliokuwa wakinisikiliza kwa heshima, na wengine wakaenda kuwaambia wenzao.

Siku moja mama mmoja wa Kigujarati, jirani yetu, alikuja na sahani ya ladu kwa ajili ya sikukuu yao, akakuta kanda inacheza. Akakaa. Tulipofika kwenye mvua mkono wangu ukaenda kwenye rimoti, akanishika kifundo cha mkono.

"Acha uimbwe, mwanangu."

Ukaimbwa wote. Yeye akawa anaufuata kwa midomo, na machozi yanamtoka. Ulipokwisha akatuuliza kama tunajua anaimbwa nani. Tukasema Leela. Akasema hapana, anaimbwa binti wa Mfalme Janaka. Sita. Wale wanaume barabarani wanaimba namna binti wa Janaka alivyobeba dhuluma nzito, na Leela anapita mbele yao bila wao kujua kwamba ndiye. Kisha akatuuliza jina la jaji. Raghunath. Na Raghunath ni nani? Tukanyamaza. Ni Rama. Ni mojawapo ya majina yake, kila mtoto wa Kihindu analijua.

Shangazi aliweka kikombe chini. Mnielewe kilichotokea pale. Katika kitabu cha mwisho cha Ramayana, Rama amesharudi na mke wake kutoka Lanka, ameshakuwa mfalme, na Sita ni mjamzito. Raia wananong'ona: huyu si alikaa nyumbani kwa mwanamume mwingine? Na Rama, mfalme mwema kuliko wote, anayejua mkewe hana kosa, anamwondoa na kumpeleka msituni kwa sababu ya maneno ya watu. Mapacha wake, Lava na Kusha, wanazaliwa kwenye makao ya mshairi Valmiki, na baadaye wanasimama mbele ya baba yao wakimwimbia hadithi yake mwenyewe, na yeye hajui kwamba ni wanawe. Sasa rudini kwenye Awaara: Raj amesimama kizimbani, na aliyekuja kumshitaki ni baba yake asiyemjua. Swali letu la miaka yote, kwamba mtu mwema anawezaje kumfukuza mke mjamzito kwa umbea, ndilo swali lenyewe la filamu. Khwaja Ahmad Abbas, aliyeandika hadithi hiyo, alichukua jeraha ambalo wasomaji wa Ramayana wamekuwa nalo kwa karne nyingi akaliingiza kwenye mahakama ya Bombay. Na ufunguo aliupachika ndani ya wimbo ambao mimi nilikuwa nauruka.

Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu ya wale niliowaambia kiini ni kibovu. Wengine sikuwaona tena kuwarekebisha. Kwa hiyo nikiona kijana ananyoosha mkono kwenye rimoti, napaza sauti. Msinione mkali.

Kama Awaara imewazidi umri, nendeni Lagaan ya 2001, kwenye wimbo wa usiku wa sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, mungu wa Wahindu. Gauri, msichana wa kijiji anayempenda kijana Bhuvan, anacheza nafasi ya Radha, mpenzi wa Krishna, Bhuvan ya Krishna, na Elizabeth, Mwingereza, amekaa pembeni anatazama. Gauri anauliza Radha asione wivu vipi, Krishna akiwa anakutana na wasichana wengine. Bhuvan anajibu kwamba hao ni nyota na Radha ndiye mwezi. Gauri yuko hai, wivu wake ni wa kweli, na yule anayemwonea wivu yuko pale pale. Kijiji kizima kinapiga makofi kikidhani ni mchezo wa sikukuu. Mkiuruka, hamtaelewa uso wa Elizabeth mpaka filamu inaisha.

3. Msiape kwamba "imeandikwa" wakati mmeiona kwenye tamthilia.

Ubishi wa Karna na Arjuna, mashujaa mahasimu wa Mahabharata, umevunja urafiki mtaani kwetu, na wote wanaobishana wanategemea tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Mahabharata inahesabiwa kuwa na beti kama 100,000. Wasomi wa Taasisi ya Bhandarkar kule Pune walianza kulinganisha hati zake mwaka 1919 wakamaliza 1966. Kizazi kimoja kilianza, kingine kikamaliza. Yale maneno ambayo kila shabiki anamnukuu Draupadi, mke wa Arjuna na ndugu zake, kwamba mwana wa kipofu naye ni kipofu, hayamo katika maandishi yale ya Kisanskriti. Ni nyongeza ya wasimuliaji wa baadaye. Mstari aliouchora Lakshmana, mdogo wake Rama, kumlinda Sita nao haumo katika Ramayana ya Valmiki. Nyongeza si dhambi, ni uhai wa hadithi, ila jueni mmeitoa wapi.

Na nyinyi wa kundi la Karna: nampenda kuliko mnavyompenda. Mtoto wa jua aliyetupwa mtoni, akalelewa na mwendesha gari la farasi, akamshikilia rafiki aliyempa heshima hata alipojua ndugu zake wa damu wako upande wa pili. Lakini siku Draupadi anaburutwa mbele ya baraza, Karna ndiye aliyemtukana na kusema avuliwe nguo. Msiifute hiyo kumsafisha. Mtazameni katika Thalapathi ya Mani Ratnam, ya 1991: Rajinikanth anaitwa Surya, yaani jua, mama yake anamwacha mchanga kwenye treni ya mizigo badala ya mtoni, na Mammootty ndiye rafiki anayempa heshima. Mani Ratnam amempa mwisho tofauti na ule wa kitabu, na nikiufikia huwa naomba watu wanyamaze.

4. Wanaoogopa kwamba kuzisoma hadithi hizi ni kuingia dini ya watu.

Nawaheshimu, nami ni Mwislamu. Mazungumzo ya tamthilia ya Mahabharat ya B. R. Chopra, iliyorushwa India kuanzia 1988 hadi 1990, yaliandikwa na Rahi Masoom Raza, Mwislamu. Wimbo wa ibada wa Kihindu unaopendwa sana kutoka Baiju Bawra ya 1952 uliandikwa na Shakeel Badayuni, tuni ikatungwa na Naushad, ukaimbwa na Mohammed Rafi. Waislamu wote watatu. Katika Mughal-e-Azam ya 1960, mfalme Akbar, Mwislamu, anasherehekea kuzaliwa kwa Krishna ndani ya kasri lake, na Anarkali ndiye anayecheza wimbo wa Radha. Watu hawa walijua thamani ya hadithi ya jirani.

5. Si kila filamu ya India ni Bollywood, yaani filamu za lugha ya Kihindi za Bombay. Thalapathi ni ya Kitamil, RRR ya Kitelugu. Mkisema Bollywood mbele yangu kwa hizo, nitawakatiza.

6. Someni na riwaya zilizozaa filamu.

Umrao Jaan ya Rekha, 1981, ina mama yake: riwaya ya Kiurdu ya Mirza Hadi Ruswa, 1899. Devdas ni kitabu chembamba cha Sarat Chandra Chattopadhyay, kilichotoka 1917, na mnaoijua tu ile filamu ya 2002, ya Shah Rukh Khan, mtashangaa mkikisoma. Paro na Chandramukhi, wanawake wawili wanaompenda Devdas, hawakutani kabisa kitabuni. Ule wimbo wao wa pamoja, wenye sari nyeupe zenye pindo jekundu, aliuongeza Sanjay Leela Bhansali, na ni mzuri mno, sitaki kuugusa. Ila Bimal Roy, aliyekuwa mpiga picha wa Devdas ya miaka ya 1930 kabla ya kuongoza yake mwaka 1955, alifanya kitu kingine: wanawake wawili wanapishana njiani, mmoja ndani ya machela, mwingine kwa miguu, wanatazamana, hawasemi neno, kila mmoja anaendelea na safari yake. Ijumaa hii tunaweka ile ya 1955. Anayetaka ya Shah Rukh Khan asubiri wiki ijayo, na aje ameshasoma kitabu.