Surua, vitamini na homoni: maswali yenu

Mwanangu wa miaka miwili amelazwa kwa surua. Nesi amempa matone ya vitamini A. Kwani vitamini inatibu surua? (Mama, Singida)

Pole sana mama, Mungu amponye. Vitamini A haiui kirusi cha surua. Ila surua humaliza akiba ya vitamini hiyo mwilini, nayo ndiyo inayotunza utando wa macho, mapafu na utumbo. Akiba ikikauka, nimonia, kuhara na hata upofu hupata njia.

Jambo hili lilipimwa hapa hapa kwetu, hospitali ya Mvumi, Dodoma, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Watoto 92 wenye surua walipata matibabu ya kawaida, wakafariki 12. Wengine 88 waliongezewa vitamini A, wakafariki 6. Tafiti nyingine zilifuata, na leo Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto mwenye surua apewe dozi mbili, siku mbili mfululizo. Kwa umri wa mwanao ni yuniti 200,000 kila siku, kile kidonge laini kinachokatwa ncha na kukamuliwa mdomoni. Kesho ulizia dozi ya pili, maana wodi ikijaa husahaulika. Ukiona haoni vizuri jioni, mwambie daktari mapema. Atahitaji ya tatu wiki chache baadaye.

Nyumbani usimwongezee vidonge, ikizidi hudhuru. Mpe maini, mayai, viazi lishe, na matembele yaliyoungwa kwa mafuta.

Nimeze vitamini D nisipate korona? (Msomaji, Nairobi)

Kama vipimo vimeonyesha umepungukiwa, meza kwa ajili ya mifupa yako. Kwa korona, utafiti wa Uingereza uliohusisha watu zaidi ya 6,000 haukuona kinga yoyote.

Nilipata mafua makali, duka la dawa wakaniuzia deksamethasoni. Ni sawa? (Baba, Morogoro)

Hapana, ndugu yangu, na hili linaniumiza kwa sababu nalisikia kila mara. Deksamethasoni ni ndugu wa kotisoli, homoni ya mwili wako mwenyewe inayotuliza uvimbe. Mwaka 2020 ilionekana kupunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye oksijeni, na kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vilipungua kwa theluthi moja. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Kwako wewe inazima askari wa mwili wakati kirusi bado kinazaliana, na inapandisha sukari. Kama umeimeza siku nyingi usiikatishe ghafla, mwone daktari akupunguzie taratibu. Ukianza kuhema kwa shida, nenda hospitali usiku huohuo.