Lahaja za Kituruki na Kibulgaria: zipi zitakupoteza zaidi?

Kuna mkuu ameuliza: ukijua Kituruki cha Istanbul na Kibulgaria cha darasani, utaelewana na watu wa vijijini? Nimekaa Edirne, Uturuki, miaka miwili, kisha Plovdiv, Bulgaria, mitatu. Kwa Kituruki utababaika wiki chache, utazoea. Kwa Kibulgaria kuna milima itakayokurudisha chekechea.

Edirne kilichonisumbua ni herufi moja tu. Wenyeji wengi huko wanaimeza H ya mwanzo. Mwenye nyumba wangu alikuwa akilalamika kila siku kuhusu "ayvan" wa jirani wanaomalizia mboga zake, nami napekua kamusi, siwaoni. Kumbe ni hayvan, hayawani yuleyule wetu! Ukiingia ndani Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, K nayo inageuka G: kız, yaani msichana, anakuwa gız. Sikio likishaunasa mchezo huo, mengine unayafuata tu.

Kibulgaria nacho wataalamu wamekichorea mstari, kutoka Nikopol kwenye mto Danube kushuka hadi upande wa Thessaloniki, Ugiriki. Mashariki yake maziwa ni mlyako, magharibi ni mleko. Kinachonichekesha ni kwamba lugha rasmi inaandika mlyako, wakati Sofia, mji mkuu wenyewe, uko upande wa mleko. Lakini hilo dogo.

Kazi iko Smolyan, kwenye milima ya Rhodope. Kibulgaria cha shuleni kinabandika -ta mwishoni mwa krava (ng'ombe) kuonyesha ni yule mnayemjua, basi. Sasa mzee mmoja kashika kamba ya ng'ombe wake, anamwita kravasa. Ng'ombe aliyesimama karibu yangu mimi, kravata. Wa tatu, kule juu mteremkoni, kravana. Rafiki niliyekuwa naye, mzaliwa wa Vidin kaskazini-magharibi, akakunja uso. Mimi nacheka peke yangu: ng'ombe huyu, ng'ombe huyo, ng'ombe yule! Baada ya kusahihishwa miaka mitatu, siku hiyo mimi mtu wa Tanga ndiye niliyemfafanulia Mbulgaria Kibulgaria.

Kwa hiyo mkuu, anza na lugha rasmi, Smolyan uiache mwisho. Na ukikwama kabisa dukani, sema kibrit. Edirne au Plovdiv, utapewa kibiriti.